Ribiti Moja Ikilegea

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye karakana, Kapsoit)

Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kuliko kidole: ribiti. Vijana wetu wa jua kali wakiletewa magari ya zamani wayafufue, ni kazi yenye pesa. Wenye magari hayo huyapeleka arusini, na wengine huyapeleka kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970. Lakini kazi hii ina hatari pia, hasa huku kwetu milimani.

Chukueni mfano wa Ford Model T, iliyoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Breki yake ya mguu haishiki magurudumu moja kwa moja. Iko kwenye giaboksi, na nguvu yake hupitia shafti na difu mpaka magurudumu ya nyuma. Difu ikivunjika, breki hiyo imekwisha. Hebu fikirini gari hilo likishuka mteremko wa kuelekea Awasi, na bibi arusi ndani! Ndiyo maana ekseli ya nyuma si mahali pa kubahatisha.

Hausingi ni ganda la chuma linalofunika difu na ekseli. Katika baadhi ya magari ya zamani vipande vyake vimeunganishwa kwa ribiti. Kazi ya ribiti ni kubana vyuma visichezecheze. Moja ikilegea, mzigo wake huangukia jirani zake, nao huanza kulegea. Habari hiyo mnaijua: mwanachama mmoja akiacha kutoa mchango, wengine wanalemewa.

Mtajuaje imelegea? Mwageni oili, osheni hausingi kwa mafuta taa, sugueni kwa brashi ya waya. Oili inayovuja kando ya kichwa cha ribiti, au vumbi jekundu la kutu, ni dalili. Kisha wekeni kidole kwenye kichwa kimoja, mgonge kichwa cha pili kwa nyundo ndogo. Ikitikisika, imelegea.

Hapo ndipo mtu husema, "Chomelea tu, mwenyewe hataona." Jamani, msikubali. Moto wa kuchomelea unaweza kupinda hausingi, ekseli zisikae kwenye mstari mmoja, na beringi zikaliwa. Chuma cha kusubu huweza hata kupasuka. Kuigonga tena ribiti kuukuu nako hakufai, maana huenda shimo lake limeshapanuka.

Basi, fanyeni hivi.

Kwanza, pigeni alama kwa panchi katikati ya kichwa cha ribiti. Toboeni kwa drili ndogo, halafu kubwa kidogo, bila kugusa ukuta wa shimo. Kateni kichwa kwa tindo, kisha sukumeni mwili wake utoke. Vaeni miwani ya kukinga macho. Kipande cha chuma hakichagui jicho.

Pili, kagueni kila shimo. Likiwa limekuwa kama yai, lisawazisheni liwe duara, mtumie ribiti nene zaidi. Zilizolegea zikiwa kadhaa, badilisheni zote za kiungo hicho.

Tatu, fungeni vyuma kwa bolti za muda, mkaze mpaka visiwe na nafasi katikati. Toeni bolti moja moja na kuweka ribiti mahali pake. Mkimaliza upande huu, nendeni upande unaoelekeana nao, msifuate mstari.

Nne, pimeni urefu. Unene wa vyuma vyote pamoja, ongezeni mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Vyuma vikiwa milimita 10 na ribiti milimita 8, urefu ni 10 na 12, yaani milimita 22. Tumieni ribiti ya chuma laini. Msumari au kipande cha bolti si ribiti.

Tano, ribiti ndogo hugongwa baridi. Iliyo kubwa huchomwa kwenye makaa mpaka iwe nyekundu ya kung'aa, ikagongwa upesi kabla haijapoa. Mmoja ashikilie chuma kizito nyuma ya kichwa, mwingine agonge. Ikipoa inasinyaa na kuvuta vyuma pamoja. Kabla ya moto, hakikisheni oili na mafuta taa vimeondolewa kabisa.

Je, bolti haziwezi? Zinaweza pale ambapo nyundo haifiki, lakini ziwe ngumu, zijae shimo barabara, na nati zake zifungwe zisilegee. Angalieni vichwa visiguse gia kubwa ya difu kwa ndani. Zungusheni kwa mkono mara kadhaa kabla ya kufunga.

Mkimaliza, pimeni unyoofu wa hausingi, jazeni oili, mwendeshe gari kilomita chache barabara tambarare, kisha mkague tena.

La mwisho ni la kikundi chote. Mwekeeni mwenye gari ribiti mbovu mezani azione, mumweleze bei kabla ya kuanza. Akitaka mchomelee tu kwa bei ya chini, mrudishieni gari lake. Pesa hiyo haitoshi kulipia maisha ya mtu. Andikeni katika daftari ni nani aligonga na ni nani alikagua, na wasiwe mtu mmoja.

Sasa mafundi, leteni maswali.