Ukwangala Uingie Nyumbani: Maneno kwa Wazazi na Walimu

Katika siku hizi za jubilei tumepewa kusema habari za jambo ambalo wengi hulidhani dogo, yaani wazazi kucheza pamoja na watoto wao. Sisi tunaliona kuwa kubwa, maana nyumba nyingi za Rungwe zimelemewa na mizigo isiyoonekana kwa macho.

Hapo kale desturi ya nchi yetu ilikuwa nyingine. Mtoto wa kiume akipata umri wa miaka 10 hivi, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala na wenzake katika vibanda walivyojijengea wenyewe. Walichunga ng'ombe pamoja, wakacheza pamoja, na hata kula kwa mama zao walikwenda pamoja. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya uchunguzi kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, waliyaona hayo, naye Monica akayatoa katika kitabu mwaka 1951. Humo alilieleza neno letu ukwangala, ndiyo furaha ya kukaa na wenzi wema, kula, kuzungumza na kucheka. Ukwangala ulikuwa wa watu wa rika moja: baba alikuwa na wenziwe, na mwana alikuwa na wenziwe. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kuutua mzigo wa moyo.

Leo vijiji vile vya marika havipo tena. Mtoto hushinda shuleni, na akirudi hukuta kazi inamngoja. Baba na mama hutoka katika chai au migomba wamechoka, nao wanawaza madeni na bei ya mbolea. Jioni watu wa nyumba moja huketi kimya, kila mtu na fikira zake, au na simu yake. Ndipo neno dogo huleta hasira kubwa, na mara nyingi apigwaye ni mtoto asiye na kosa. Mzigo uliotuliwa kwa marika umebaki ndani ya nyumba. Basi na dawa yake yapasa kutafutwa humo humo.

Mchezo unasaidiaje? Mtu achezaye kwa moyo wote hawezi wakati ule ule kuhesabu madeni yake. Akicheka, mwili uliokazana hulegea. Naye mtoto asiye na maneno ya kusema hofu yake huionyesha mchezoni. Akicheza mambo ya shule, huku akimchapa mwanasesere wake wa gome la mgomba kila mara, mzazi mwenye macho atauliza kwa upole kuna nini.

Lakini akina baba wengine husema, "Nikicheza na mwanangu, heshima itakwisha." Tunawajibu hivi: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni zile zile kwa mkubwa na kwa mdogo. Mtoto akimwona baba yake ameshindwa, naye anazipanga kete upya bila hasira, amejifunza heshima ambayo fimbo haiwezi kumfundisha. Mwalimu Nyerere alipenda sana kucheza bao, wala halikumpunguzia heshima.

Tena jambo hili halitaki fedha. Mvua za Tukuyu, zipitazo milimita 2,000 kwa mwaka, zikitufungia ndani, pana vitendawili na bao karibu na moto. Kukiwa kukavu, pana mdako, kombolela, na mpira wa majani makavu ya migomba. Robo saa yatosha. Simu iwekwe kando, mtoto achague mchezo, mzazi afuate, wala tusiugeuze kuwa mtihani. Walimu nao wasiwape watoto kazi za nyumbani hata jioni yote ikaliwa, maana kucheza ni haki ya mtoto katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, nayo Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Hatusemi kwamba mchezo hulipa deni au huponya ugonjwa. Mwenye huzuni isiyokoma na aende hospitali. Tunasema tu kwamba waliocheka pamoja jioni huweza kulizungumza deni lile asubuhi bila kugombana. Basi leo, kabla taa haijazimwa, kila mzazi na amwulize mwanawe, "Tucheze nini?"