KABLA YA KUKISAFISHA KIPURI, KIJUE KWANZA

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mmezoea kuniona nikifungua leja na hati za malipo. Leo naomba tufungue injini ya mashine ya kusaga. Mambo haya mawili hayako mbalimbali, kwani fedha nyingi za wanachama hupotelea katika vipuri.

Kwanza ninalo jambo la kukiri. Katika kukagua chama kimoja niliona kamati ikinunua vipuri vipya kila mara, huku vya zamani vikilala stoo, havina kasoro ila kutu na masizi. Nikaandika katika taarifa yangu: "Vipuri vya zamani visafishwe kabla ya kununua vipya." Sikueleza visafishwe kwa namna gani. Mwendesha mashine, kijana mtiifu, akaichukua pistoni ya alumini, akailaza usiku kucha katika maji ya moto yenye kostiki ya kutengenezea sabuni. Asubuhi aliikuta imelika, haifai tena. Mashine ikasimama wakati wa mavuno, na kina mama wakabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Mkutano ukataka kijana akatwe mshahara. Nilisimama nikasema kwamba kosa la kwanza ni la aliyeagiza bila kufundisha, na aliyeagiza ni mimi. Kijana hakukatwa. Lakini deni la kufundisha lilibaki, nami leo nimekuja kulilipa.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ni kukijua kipuri kimetengenezwa kwa kitu gani. Chukueni sumaku ya spika ya redio mbovu. Kipuri kikinaswa na sumaku, hicho kwa kawaida ni cha chuma. Kisiponaswa, nacho ni chepesi na cheupe, hicho ni cha alumini. Chenye rangi ya njano au nyekundu ni cha shaba.

Jambo la pili ni kuondoa grisi, maana dawa ya kutu haipenyi penye mafuta. Tumieni mafuta ya taa na brashi, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Msitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake huwaka upesi mno. Kisha osheni kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Njia hii haidhuru chuma, alumini wala shaba.

Sasa nije kwenye kutu. Kipuri cha chuma kizamisheni chote katika siki ya kawaida ya dukani, ambayo asidi yake ni kama asilimia 5. Chombo kiwe cha plastiki au kioo, kisiwe sufuria ya alumini. Kiacheni kwa saa 12 hadi 24, mkikitazama mara kwa mara na kukisugua kwa brashi. Kutu ikiisha kitoeni mara moja, kwa sababu asidi ikikosa kutu huanza kukila chuma chenyewe. Kazi hiyo hutoa gesi inayoshika moto, basi ifanyike penye hewa. Kisha kisuuzeni, mkitie katika maji yenye soda ya kuokea, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja, ili kuua asidi iliyobaki. Kikausheni kabisa na kukipaka oili papo hapo. Mkichelewa, kutu mpya itaanza siku hiyo hiyo. Penye molasi, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji hufanya kazi ile ile, ila kwa wiki moja au zaidi.

Siki isitumiwe kwa springi za vali wala bolti ngumu, kwani asidi yaweza kuufanya chuma mgumu uvunjike ghafla. Beringi, nozeli na pampu ya dizeli zisiguswe kwa mchanga wala majivu; mkwaruzo mdogo tu huziharibu. Hizo mpelekeeni fundi.

Kuhusu alumini, kina mama wametutangulia kwa elimu. Wao wanajua kwamba sufuria ya alumini ikipikiwa maharage kwa magadi hugeuka rangi. Sababu ni kwamba magadi huila alumini. Maji ya majivu nayo huila, na kostiki huila zaidi ya yote. Basi pistoni yenye masizi ilowekwe katika mafuta ya taa siku nzima au mbili, kisha ikwanguliwe kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu. Mifereji ya ringi itazamwe kwa uangalifu mkubwa. Ama vipuri vya shaba, hivyo husafika kwa ndimu au ukwaju na chumvi kidogo, kisha visuuzwe vizuri.

Nawaonya kwa mambo mawili ya uhai. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hutoka gesi inayounguza mapafu. Tena mafuta ya taa yasitiwe katika chupa za soda, kwa maana watoto huyanywa wakidhani ni kinywaji.

Ndugu makatibu, kusafisha hakurudishi kilicholika. Kipuri chenye ufa au mashimo ya kutu kinunuliwe kingine, na mimi sitaihoji hati hiyo ya malipo. Ninachoomba ni daftari la mashine: mwandike kipuri gani, cha metali gani, kimesafishwa kwa nini, kwa saa ngapi, na matokeo yake. Anayeagiza kazi na atie sahihi yake chini ya maelekezo aliyoyatoa. Kwa njia hiyo mwanachama atajua fedha yake ilikokwenda, na mfanyakazi hatabebeshwa kosa la wakubwa wake.