HAKI ILIYO NYUMA YA MLANGO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyakazi katika mkutano wa tawi)



Leo hatukuja kuwaambia mdai kitu kipya. Twataka kusema juu ya vitu ambavyo ni vyenu tayari. Vimeandikwa katika sheria, lakini wengi hamvichukui kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamwamuru kila mwajiri abandike mahali pa wazi tangazo la haki za wafanyakazi. Tulipopita kuwaalika, tuliwauliza wenzetu kama wameliona. Mmoja tu alisema ndiyo: limebandikwa ofisini kwa meneja, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, haki zafichika!

Basi tuanze na fedha. Kila mwezi mshahara wenu wakatwa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mchango wote ni asilimia 20, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo anayepata shilingi 300,000 akikatwa 30,000, mwajiri naye hutia 30,000, na kwa mwezi zapelekwa 60,000. Zile za mwajiri si sadaka. Wapakiaji wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo na maisha yalikuwa yamepanda gharama. Akiba ya wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1964, na NSSF ikachukua nafasi yake kwa sheria ya mwaka 1997.

Lakini kukatwa ni jambo moja, na fedha kufika ni jambo jingine. Tunaye mwenzetu, mlinzi wa usiku, aliyefikisha miaka 60 akaenda kuuliza pensheni yake. Ili kuipata kila mwezi yapasa uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka 17 kwa tajiri mmoja. Karani akamwonyesha miezi 140. Ile mingine alikatwa, lakini haikupelekwa. Alipoulizwa hati zake za mshahara akainama: miaka yote alikuwa akiwashia jiko.

Hatumcheki, maana hata sisi tulizitupa. Wakaguzi wa Mfuko wana haki ya kufungua vitabu vya mwajiri, na shauri lake sasa liko mikononi mwao. Lakini mzee wa miaka 60 kuzunguka ofisi kwa ofisi akitafuta jasho lake mwenyewe, hilo latuuma sana. Mwajiri hupaswa kupeleka mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Basi msingoje uzee. Nendeni NSSF mkaombe taarifa ya michango yenu, mkailinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Na asiyepewa hati aidai, kwani sheria yataka malipo yafuatane na maandishi yanayoonyesha kilichokatwa.

Twende kwenye ajali. Uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwa jina la mfuko huo, uliza. Ukiumia kazini hulipa matibabu, hulipa ulemavu, na mtu akifa huwaangalia wategemezi wake. Wengi huumia wakafunga kitambaa wakaendelea, wakiogopa kuitwa wavivu. Toeni habari siku ile ile, mbele ya mashahidi, ikaandikwe.

Likizo mwazijua kidogo: siku 28 kwa mwaka, sikukuu zikiwamo, kwa aliyemaliza miezi 6 kazini. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari hulipwa mshahara kamili siku 63, kisha nusu siku 63 nyingine, katika muda wa miezi 36. Mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo, na akizaa mapacha 100. Akina mama, msikubali kuambiwa kwamba hiyo ni hisani ya msimamizi.

Na mkiachishwa kazi? Aliyetimiza mwaka hupata kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, usiozidi miaka 10. Aliyefukuzwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hapati. Hilo tulisema wazi tusije tukawadanganya. Lakini anayeona ameonewa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza nyumbani wakingoja bwana mkubwa atulie hasira.

Tumeweka meza pale chini ya mwembe, na vijana wawili wenye kalamu. Aliye na hati ya mshahara mfukoni aje nayo sasa hivi, tuisome pamoja. Asiyejua kusoma asione haya. Aliyeziacha nyumbani azilete Jumapili, na tafadhali, jiko liwashwe kwa kitu kingine.