Siku Niliyorudisha Funguo za Matatu

Hotuba hii ilitolewa na mkazi wa Kathiani katika mkutano wa watu wenye ulemavu na familia zao. Tunaichapisha kwa ruhusa yake.

 

Wengi wenu mnaijua sauti yangu kuliko jina langu. Kwa miaka 14 niliendesha matatu kutoka Machakos mjini kuja hapa Kathiani. Niliitwa Dere. Wanangu shuleni waliitwa watoto wa Dere, na mke wangu sokoni alikopeshwa unga kwa sababu ni mke wa Dere.

Macho yangu hayakuzimika siku moja kama taa. Yaliibwa polepole, kuanzia pembeni. Kioo cha gari kiligonga nguzo ya lango, nikamlaumu makanga. Kikagonga tena, nikalilaumu lango. Halafu asubuhi moja mtoto wa shule alitokea kando ya barabara na mimi sikumwona kabisa. Makanga alipiga kelele, nikakanyaga breki. Mtoto hakuguswa. Jioni ile nilimrudishia mwenye gari funguo zake, nikamwambia nina homa.

Homa hiyo ilikaa miaka miwili. Niliuza mbuzi, nikanunua matone ya sokoni. Nilipofika kwa daktari wa macho nikaambiwa ni glakoma: presha ndani ya jicho inaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Dawa huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini kilichopotea hakirudi. Mimi nilikuwa nimebakiwa na kuona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na baadaye bomba lenyewe likaziba. Baba yangu pia alifariki akiwa kipofu. Sisi tulisema ni uzee. Kwa hivyo kama umepita miaka 40, au kuna mtu wa ukoo wenu aliyepatwa na ugonjwa huu, nenda upimwe hata kama huhisi uchungu. Wengi hawahisi chochote.

Sasa niseme jambo gumu kidogo, na wanangu wako hapa. Kupoteza macho hakukuniuma kama kupoteza lile jina. Nilianza kuitwa “yule aliyekuwa dere.” Wageni walimuuliza mke wangu, nami nikiwa nimeketi hapo hapo, kama nimekula. Nilikaa kwenye kiti kando ya zizi nikisikiliza matatu zikipita, na kila gari nililijua kwa mlio wa injini. Nilikuwa namngoja Dere arudi.

Watu walikuja na maneno mazuri, kwamba kila jambo lina sababu yake. Nawashukuru, lakini maneno hayo yalinichosha. Aliyenisaidia ni mke wangu, na hakuniambia neno zuri hata moja. Aliweka gunia la mahindi mbele yangu akasema, “Haya hayahitaji macho kupukuchuliwa.” Nilikasirika sana. Nikapukuchua kwa hasira mpaka gunia likaisha. Kesho yake akaleta jingine. Wiki ilipoisha, jirani naye alileta ya kwake, akanilipa. Ile ilikuwa pesa yangu ya kwanza tangu funguo zile, na usiku huo nililala vizuri.

Baada ya mahindi niliona naweza kujifunza kitu kingine. Nikaenda kwenye chuo cha ufundi cha watu wasioona pale Machakos mjini. Huko nilifundishwa kutembea na fimbo nyeupe, kusoma breli, na kufuma sweta kwa mashine. Naam, dereva mzima kufuma sweta! Pale steji walinicheka, nami ningekuwa mwao ningecheka.

Ndipo nikasikia kwamba Henry Wanyoike alipita chuoni hapo hapo. Huyu ni kijana wa Kikuyu, kule Kiambu, aliyekuwa mshona viatu na mkimbiaji. Mwaka 1995, akiwa na miaka 20, alilala akiona, akaamka haoni, kwa sababu ya kiharusi. Alivunjika moyo kwa muda mrefu. Alipoletwa Machakos alijifunza kufuma, kama mimi. Mbio zilirudi baadaye, safari hii akikimbia na mtu wa kumwongoza. Mwaka 2000, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho wa mita 5000. Wanyoike asiyeona akamvuta anayeona mpaka kwenye utepe, akapata dhahabu. Mwaka 2004 kule Athens akaongeza dhahabu mbili, za mita 5000 na mita 10,000.

Mimi sikimbii, magoti yangu ni ya dereva. Lakini nilipoisikia habari hiyo niliwaza sana ile mashine ya kufuma. Hakungoja awe mkimbiaji tena ndipo ashike kazi. Alishika nyuzi kwanza, hajui medali zinakuja.

Nimeambiwa kuna nyumba hapa kwetu ambamo kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki hajatoka nje tangu alipotoka hospitali. Mama yake yuko hapa leo, sitamtaja. Mama, wewe humfichi kwa ubaya, nalijua hilo. Hata mimi nilijificha mwenyewe. Lakini mpe kazi. Ahesabu pesa za mboga, anoe panga, atengeneze pikipiki za wenzake hawa walio hapo nyuma, maana mikono anayo na ufundi anaujua. Nanyi vijana, msiende kumpa pole tena. Mpelekeeni kabureta iliyoziba.

Pia aandikishwe. Katiba yetu, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutumia huduma na majengo kama wengine. Madaktari wa hospitali ya serikali humpima, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humpa kadi. Tena sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi chetu cha watu tisa kilijiandikisha kwa sababu hiyo. Zabuni ya kwanza tulikosa, fomu tuliijaza vibaya. Ya pili tumeijaza wiki jana, na bado tunangoja jibu.

Mkutano ukiisha nitakuwa pale chini ya mwembe na mashine yangu. Mwenye mtoto anayeingia shule Januari aje na vipimo. Mama niliyekutaja, wewe njoo kwanza, tupange siku ya mimi kuja nyumbani. Utaniambia tu njia inapinda wapi. Barabara za Kathiani bado nazijua.