Shabaha Bila Nidhamu ni Hatari



Vijana waliomaliza Kidato cha Sita huitwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Baadhi yao hupelekwa katika kambi ya Rwamkoma, wilayani Butiama. Wengi wana umri wa miaka 18 au 19, na huko ndiko hushika bunduki kwa mara ya kwanza. Mzazi wa Musoma au wa Bunda hana budi kujiuliza: je, mwanangu anakwenda kufundishwa kuua? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kuruta hapewi bunduki na kuambiwa afyatue. Kwanza hupigishwa kwata mpaka azoee kutii amri. Hufundishwa kuifungua silaha, kuisafisha, na kuhakikisha kwamba haina risasi ndani. Hufundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa imejaa, hata kama ameiona tupu punde hivi. Kutouelekeza mtutu kwa mtu. Na kutoweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya amri. Baada ya hayo ndipo huingia uwanja wa shabaha. Hulala kifudifudi, akakikaza kitako cha bunduki begani, akailinganisha alama ya mbele na ya nyuma, akatoa pumzi kidogo na kuizuia, kisha akakibana kifyatulio polepole. Mwenye pupa hukosa. Mwenye kufumba macho kwa kuogopa mshindo hukosa vilevile. Na amri ya kusimama ikitolewa, aliyebakiwa na risasi moja huiacha.

Ni dhahiri basi kwamba sehemu kubwa ya mafunzo haya ni kujizuia. Hata katika michezo, ambako kulenga shabaha kumeshindaniwa tangu Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, tuzo huenda kwa mwenye utulivu, si kwa mwenye misuli. Wazee wa Ikizu na Ikoma, waliowinda kwa upinde na mishale ya sumu, walilijua jambo hilo zamani: mshale ukishatoka hauitiki ukiitwa.

Taifa nalo lilipata somo lake. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Malalamiko yao juu ya mishahara na juu ya maofisa wa Kiingereza hayakuwa ya bure, na shabaha walikuwa nayo. Kosa lilikuwa kuigeuza silaha ya umma kuwa hoja yao. Serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ililivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa. Tangu hapo imekuwa ni msingi kwamba anayefundishwa silaha afundishwe pia silaha hiyo ni ya nani.

Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Katika kipindi hicho kizazi kizima kilipita bila kuiona kambi, na wengi wa kizazi hicho leo ni walimu na maofisa. Matokeo yake ni kwamba kijana huondoka shuleni akiwa na hadithi za mitaani na picha za sinema, ambamo shujaa hufyatua kwanza na kufikiri baadaye.

Mkoa wa Mara hauwezi kulichukulia jambo hili kwa mzaha. Wizi wa ng'ombe umewaacha wajane katika vijiji vyake, na kijana mwenye shabaha asiye na nidhamu huweza kushawishiwa na wahalifu. Mwenye shabaha na nidhamu ni ngao ya kijiji chake.

Kwa hiyo wajibu haumwangukii mkufunzi wa kambini peke yake. Mwalimu amweleze mwanafunzi, kabla hajaondoka, kwa nini nchi inamwamini. Mzazi amtume mtoto wake, wa kike au wa kiume, akiwa amekwisha kujua kutii na kusema kweli. Na akirudi, asiulizwe alipiga shabaha ngapi tu. Aulizwe pia kama alipoambiwa aache, aliacha.