Uwanja Uko Wapi?

Mmeshasikia. Rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, imejadiliwa vya kutosha, na wengi wamelishika lile la kukaguliwa kwa magari binafsi yaliyozidi miaka minne tangu yaundwe. Sisi wa kituo hiki cha redio wasiwasi wetu uko kwingine. Uko kwa vijana ambao hawatajwi ila kwa hasira: vijana wa Subaru, wa Evo, wa Golf GTI, wanaomaliza mishahara yao kwenye vipuri na Jumamosi zao chini ya boneti.

Anayeng'oa sailensa akaamsha mtaa mzima saa nane za usiku anakosea. Anayeshindana kwenye Thika Road au Southern Bypass anachezea roho zisizo zake. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009; zitumike. Hatumtetei mtu hapo.

Lakini kijana huyu tunamwambia asikimbize gari barabarani, halafu tunanyamaza. Uwanja uko wapi?

Turudi kwenye ukaguzi. Mkaguzi atafungua boneti aone nini? Magari mawili ya Impreza yanaweza kusimama mbele yake, yote ya buluu, yote yana tundu la hewa juu ya boneti, yote yameongezwa presha ya turbo. Mwenye gari la kwanza alianza na breki. Kisha akabadilisha pampu ya petroli, akaweka intakula kubwa zaidi ya kupoza hewa, akampelekea gari fundi anayejua kupanga upya kompyuta ya injini, kwa sababu injini ile iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake ni ya juu kuliko hii tunayojaza hapa. Mwenye la pili aliongeza presha tu. Siku atakapokanyaga mafuta akipanda mlima, hewa itazidi petroli, joto litapanda, mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake na pistoni itapasuka. Labda alikata springi pia ili gari likae chini zaidi, kwa kuwa springi fupi za kununua zilimshinda bei. Gari hilo likiingia kona kwa kasi, tairi linasugua bodi na usukani haumtii dereva.

Kwa macho, magari hayo ni pacha. Ukiyafungia yote mawili umemwonea mmoja. Ukiyapitisha yote mawili umemwachia mwingine aue mtu. Na kelele je? Kando ya barabara, pasipo na kipimo, anayeamua ni sikio la askari. Sikio si kipimo. Leo litasema ndiyo, kesho litasema hapana, na mwenye gari hatajua afuate lipi.

Anayeweza kuyatofautisha magari hayo yupo. Yuko Grogan, yuko Kariobangi, Nairobi, mikono myeusi kwa oili. Injini ya Subaru, pistoni zake zimelala ubavu, kushoto na kulia, na hata kubadilisha plagi ni kazi ya kujipenyeza kwenye nafasi finyu. Fundi huyu ameishusha na kuipandisha injini hiyo mara nyingi, na wengi wa aina yake hawana karatasi hata moja ya kuonyesha. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ipo, lakini cheti cha kazi hii mahsusi, ya kuongeza nguvu za injini na kuhakikisha breki na shoki zinazihimili, nani anakitoa? Tunadai gari lililobadilishwa kwa ustadi, na mstadi hatumtambui.

Kwa historia yake, nchi hii inapaswa kuona haya kwa kutomtambua fundi. Joginder Singh alikuwa fundi. Mwaka 1965 alishinda mbio za magari za Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, na Volvo yao ilikuwa ya mtumba, imeshatumika mashindanoni kabla haijafika mikononi mwao. Wakaitengeneza, wakawashinda waliokuja na magari mapya ya viwandani. Akashinda tena 1974 na 1976. Colin McRae alipoleta Impreza akashinda 1997, mtoto aliyesimama kando ya barabara vumbi likimpiga usoni ndiye mzazi wa leo, na mapenzi hayo amemrithisha mwanawe. Safari ilirudi kwenye mbio za dunia mwaka 2021, Naivasha, na viongozi hawakosi kupiga picha pale. Siku chache tu, kisha vumbi linatulia. Uwanja wa siku zilizobaki uko wapi?

Mtatuambia kuna Whistling Morans, Athi River. Upo, na vilabu vinavyoandaa mbio pale vinastahili shukrani. Lakini kijana wa Kisumu aende wapi? Wa Eldoret? Wa Mombasa? Na hata huyo wa Nairobi, ada ya kuingia na kofia ya mbio atavimudu kwa mshahara gani?

Kwa hiyo NTSA, waiteni mafundi hawa kwenye vikao vya maoni. Msiwaite kuwahutubia, waiteni muwasikilize. Kiandikwe kifungu kinachotaja breki, shoki, tairi na ekzosi ya gari lililobadilishwa, kila kimoja na kipimo chake. Magavana, tafuteni katika kaunti zenu kiwanja cha lami kinacholala Jumapili. Kifunguliwe siku moja kwa mwezi, ambulansi iwepo, zimamoto wawepo, na gari lisilopita ukaguzi pale mlangoni lirudi nyumbani.

Na wewe kijana unayetusikiliza ukiwa gereji, spana mkononi: hiyo pesa ya turbo, nunua breki kwanza. Rudisha sailensa, jirani ana mtoto mchanga. Usiku wa leo ukipigiwa simu uende bypass, usiende. Zima injini, keti na wenzako, andikeni maoni yenu kuhusu rasimu hii, mtie sahihi, na muyapeleke NTSA ikiwa muda wa kutoa maoni ungali wazi. Msipoandika ninyi, wataandika wasiojua turbo ni nini.