KIHARUSI KISIRUDI MARA YA PILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi, Butali)



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukagua njia ya reli. Lakini nimeombwa niseme habari ya kiharusi, kwa sababu ndugu mmoja wa hapa kwetu alikipata, akapona hata akarudi kukata miwa. Alipojiona mzima aliacha dawa za presha. Miezi mitano baadaye kikampiga tena, na leo hawezi kusema. Watu walidai amerogwa. Ndugu zangu, hakurogwa. Dawa zilikwisha, naye hakwenda kuchukua nyingine.

Sisi wa reli twajua jambo hili. Jana gari lilipita salama, lakini leo asubuhi njia hukaguliwa tena, maana ufa wa chuma haupigi kelele. Presha nayo haiumi. Wala haichagui mtu: Winston Churchill wa Uingereza alipata kiharusi mwaka 1949, kikamrudia mwaka 1953 akiwa Waziri Mkuu.

Basi aliyepona afanye haya:

1. Ameze dawa kila siku, na apimwe presha. Madaktari wengi hutaka iwe chini ya 130 kwa 80. Asiache dawa bila neno la daktari.
2. Asijinunulie aspirini dukani. Kuna kiharusi cha damu iliyoganda, na kuna cha mshipa uliopasuka. Dawa inayomfaa wa kwanza yaweza kumdhuru wa pili.
3. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.
4. Aache sigara na chang'aa.
5. Apimwe sukari, na atembee kila siku kadiri awezavyo.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakimshinda, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kukuche.

Mwisho, neno la chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa aliyetumika miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara mzima na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Basi mgonjwa asikimbilie kazini kabla hajaruhusiwa. Na siku ya kliniki ikifika, mnyapara akikataa ruhusa, mwambieni mjumbe wa chama mapema.

Twajua sana kuchangia matanga. Tuchangie pia nauli ya kliniki, mtu angali hai.